Babu Anatupa Pesa: Isimu Kompyuta Inasomwa Wapi, na kwa Mlango Upi

Andika sentensi hii kwenye karatasi: Babu anatupa pesa. Mpe jirani yako aisome, kisha muulize babu anafanya nini. Mmoja atakuambia babu ni mkarimu, anawagawia wajukuu. Mwingine atasema babu kachanganyikiwa, anarusha noti barabarani. Wote wawili wamesoma herufi zilezile saba za neno anatupa, na hakuna aliyekosea. Wa kwanza ameona a-na-tu-p-a, ambamo tu- ni yambwa, mtendewa wa kitendo, yaani sisi, na mzizi ni ule wa kupa, wenye herufi moja tu. Wa pili ameona a-na-tup-a, mzizi wa kutupa. Maandishi hayatenganishi hayo mawili. Hata masikio hayasaidii, maana mkazo unaangukia silabi ileile.

Sasa ipe kompyuta. Ukisema "babu anatupa moyo", hakuna Mswahili atakayedhani kuna moyo umerushwa jalalani. Ukisema "babu anatupa taka", hakuna atakayenyoosha mkono apokee. Tunachungulia neno linalofuata bila hata kujua kwamba tumechungulia. Mashine haina babu, haijawahi kupewa hela ya daftari wala kutumwa kumwaga taka. Kuifikisha mahali pa kuchagua maana iliyo sahihi, neno baada ya neno, ndiyo kazi ya isimu kompyuta, na kazi hiyo ina shahada zake.

Shida huanzia kwenye shahada zenyewe. Kwa miaka kadhaa sasa vijana waliomaliza Kiswahili, isimu, ualimu au kompyuta wananiandikia kuuliza swali lilelile: mwalimu, ni chuo gani kizuri cha isimu kompyuta? Ni sawa na kuingia duka la dawa na kuomba "dawa nzuri". Muuzaji akikupa chochote, mtalaumiana baadaye.

Jina lenyewe halijatulia. Tanzania wengi tunasema isimu kompyuta, Kenya utasikia isimu tarakilishi, na wapo wanaopendelea isimukokotozi. Kwenye tovuti za vyuo vya nje utaikuta ikiitwa Computational Linguistics hapa, Language Technology pale, kwingine Natural Language Processing, na Wajerumani wana Computerlinguistik yao. Usihangaike sana na jina. Uliza shahada hiyo inakaa katika idara gani, maana idara ndiyo inayotunga mtihani.

Mtoto wa nyumba mbili

Tarehe 7 Januari 1954, jijini New York, kampuni ya IBM na Chuo Kikuu cha Georgetown waliwaonyesha waandishi wa habari mashine iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwenda Kiingereza. Kamusi yake ilikuwa na maneno 250, kanuni za sarufi 6. Magazeti yakashangilia, serikali ya Marekani ikamwaga fedha, na mwaka 1966 kamati iliyofahamika kwa kifupi cha ALPAC ikatoa ripoti iliyowamwagia watu maji baridi. Fedha zikakauka. Chama cha wanataaluma kilichoanzishwa mwaka 1962, ambacho jina lake lilitaja tafsiri ya mashine, kiliyaondoa maneno hayo mwaka 1968. Kikabaki ACL, yaani chama cha isimu kompyuta, na hadi leo mikutano yake ndiyo mikubwa katika fani hii.

Wengi waliobaki shambani wakati wa ukame huo walikuwa wanaisimu na watu wa mantiki, waliotaka sarufi iandikwe kwa namna ambayo mashine inaweza kuifuata hatua kwa hatua. Kisha, katika miaka ya 1970 na 1980, timu ya IBM chini ya Frederick Jelinek ikaja na takwimu: usiiambie mashine kanuni, ipe maandishi mengi ihesabu yenyewe. Kuna mzaha unaohusishwa na Jelinek huyo, kwamba kila alipomwondoa mwanaisimu mmoja kazini mashine yake ya kutambua sauti iliboreka. Wanaisimu hawajausahau hadi leo. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mtu akiutaja, nusu ya ukumbi inacheka na nusu inatazama saa.

Hapo ndipo mtoto alipopata nyumba mbili. Analala kwa mama mwanaisimu siku tatu, kwa baba wa kompyuta siku nne, na kila nyumba ina sheria zake za mezani. Ili uone tofauti bila maneno mengi, tulipeleke neno letu anatupa kwenye madarasa matatu.

Darasa la kwanza ni la kanuni. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliandika tasnifu juu ya mofolojia, yaani muundo wa maneno, ya ngazi mbili. Ngazi ya juu ina vipande vya neno, ngazi ya chini ina neno linavyoandikwa, na katikati kuna kanuni zinazounganisha. Kifini, kama Kiswahili, hupenda kubandika viambishi, kwa hiyo si ajabu wazo hilo kuzaliwa kule. Mfini mwingine, Arvi Hurskainen, alilichukua akalileta kwetu. Tangu mwaka 1985 amekuwa akiujenga mfumo wa kuchanganua Kiswahili unaoitwa SALAMA. Katika darasa la aina hii utapewa ubao na kuambiwa upange mafungu: nafsi, njeo, yambwa, mzizi, kiishio. Utachora njia ambayo mashine itapita, fungu hadi fungu, na ukiipa anatupa haitakiwi kuchagua. Inatakiwa irudishe majibu yote mawili. Kuchagua ni kazi ya kanuni nyingine zinazotazama majirani wa neno, mtindo ambao Fred Karlsson, naye wa Helsinki, aliuanzisha mwaka 1990.

Utadhani ni rahisi mpaka ufike kwenye vitenzi vya silabi moja. Simba amekula. Hiyo ku ni ile inayong'ang'ania kula, kunywa na kufa, au ni yambwa ya wewe? (Kama bado unasoma, basi ni ya kwanza.) Mwanafunzi aliyesomea Kiswahili vizuri anafika hapa akiwa nyumbani kwao. Aliyesomea kompyuta peke yake hutokwa jasho, kwa sababu hajawahi kuulizwa kwa nini tunasema amekula lakini tunasema hajala.

Darasa la pili ni la kuhesabu. Mwaka 2006 Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver kutoka Ubelgiji, pamoja na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha kazi ya kuifundisha kompyuta kutambua aina za maneno ya Kiswahili. Kanuni hawakuandika. Walichukua kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini, wa Kiswahili uliotoka Helsinki, ambamo kila neno lilikuwa tayari na lebo yake: nomino, kitenzi, kivumishi na kadhalika. Wakaiachia programu ijifunze lebo zinavyofuatana. Angalia mnyororo huo. Jasho la kanuni za Helsinki ndilo lililokuwa chakula cha takwimu za Nairobi. Mtu akikuambia njia moja imeifuta nyingine, mkumbushe hilo.

Katika darasa hili mwalimu hakuulizi mzizi ni upi. Anakuuliza: katika sentensi milioni moja, anatupa imefuatwa na taka mara ngapi, na moyo mara ngapi, na je, ikitokea neno ambalo halijawahi kuonekana baada yake, utalipa uwezekano gani? Ukisema sifuri umefeli, kwa sababu kutoonekana si kutokuwepo. Jibu linahitaji hesabu za uwezekano, logi na uvumilivu.

Darasa la tatu ndilo linalojaa siku hizi, la mitandao ya neva, hizi mashine ambazo magazeti yanaziita akili mnemba au akili unde. Hapa hakuna lebo. Neno linageuzwa kuwa orodha ndefu ya namba, na mashine inafunzwa kubashiri neno linalokuja, mabilioni ya mara. Kabla ya hapo, matini hukatwa vipande kwa kufuata vinavyorudiwa mara nyingi, si kwa kufuata sarufi. Mkataji anaweza kuliona anatupa akalikata ana na tupa, basi. Ile tu ya sisi imezikwa kabla somo halijaanza. Wanyarwanda wawili, Antoine Nzeyimana na Andre Niyongabo Rubungo, waliliona tatizo hilo katika lugha yao, ambayo ni binamu wa Kiswahili. Mwaka 2022 wakaonyesha, kwa modeli waliyoiita KinyaBERT, kwamba ukiuingiza uchanganuzi wa viambishi ndani ya mtandao wenyewe, matokeo yanaboreka. Mofolojia ilitolewa kwa mlango wa mbele, ikarudi kwa dirisha.

Shahada nyingi zina madarasa yote matatu. Kinachotofautiana ni vipimo. Kwingine la kwanza linachukua mwaka mzima na la tatu wiki sita, kwingine la kwanza ni wiki mbili za historia. Soma orodha ya kozi za lazima, siyo picha za wanafunzi wanaocheka kwenye nyasi.

Milango

Edinburgh ni mfano mzuri kwa sababu jiji moja lina milango miwili. Kuna uzamili wa uchakataji wa usemi na lugha ulio chini ya shule ya falsafa, saikolojia na sayansi za lugha. Kuna pia shule ya infomatiki, ambako mtu anasoma akili mnemba na kuchukua kozi za lugha humohumo. Walimu wengine utawakuta pande zote mbili. Ila wa mlango wa kwanza anaweza kupokelewa na shahada ya isimu na kufundishwa kuandika programu akiwa ndani. Wa mlango wa pili anatarajiwa aje na hesabu na programu mkononi. Ukikosea mlango, barua ya kukataliwa itakuja hata kama una alama za juu, na utadhani wamekuonea.

Ujerumani ndiko fani hii ilikotandaza mizizi mingi, na kozi kadhaa za uzamili hufundishwa kwa Kiingereza. Tübingen inaiweka kwenye idara ya isimu, katika kitivo cha falsafa. Stuttgart ina taasisi nzima iliyo upande wa infomatiki. Saarbrücken, katika Chuo Kikuu cha Saarland, ina idara iliyounganisha lugha na teknolojia tangu kwenye jina. Wengi hutazama Ujerumani wakiamini hakuna ada, na hapa nasema taratibu: inategemea jimbo. Tangu mwaka 2017 jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, na Stuttgart, Tübingen na Heidelberg zote ziko humo. Saarbrücken haimo, iko jimbo jingine. Kwa mtu anayejilipia, mpaka huo wa majimbo ni euro 6,000 kwa miaka miwili.

Juu ya hilo kuna akaunti ya zuio, ambayo ndiyo inayowakwamisha wengi kuliko ada. Ubalozi unataka uonyeshe kwamba fedha za kuishi mwaka mmoja zipo benki, na unaruhusiwa kuzitoa kidogokidogo kila mwezi tu. Septemba 2024 kiwango kilipandishwa hadi euro 11,904. Kuna kijana mmoja ninayemfahamu aliyepata nafasi, familia ikachanga, shamba likauzwa, na bado ikapelea. Alisogeza safari mwaka mzima. Ulizia fedha hiyo siku ileile unayotuma maombi, siyo siku unayopata jibu.

Ulaya kuna pia mpango wa pamoja wa uzamili wa teknolojia ya lugha, uitwao LCT, ambao mwanafunzi husoma vyuo viwili katika nchi mbili kwa miaka miwili, na kuondoka na shahada za vyote viwili. Vyuo vyake vimekuwa pamoja na Saarland, Trento, Groningen, Malta, Prague na Nancy. Ufadhili wa Erasmus Mundus, ambao ni wa Umoja wa Ulaya, pale unapotolewa, ni euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake ni wa dunia nzima, lakini fomu ni bure, na nashangaa watu wetu wasivyoijaza.

Marekani nitapita haraka, maana ada zake zinawakatisha watu tamaa kabla sijamaliza sentensi. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kina uzamili maalumu wa isimu kompyuta ulioanza mwaka 2005, chini ya idara ya isimu, na unaweza kuusoma ukiwa darasani au kwa mbali. Anayehusishwa sana na programu hiyo ni Emily Bender. Ni yeye aliyewasumbua watafiti kwa hoja moja ndogo: taja jina la lugha unayoifanyia kazi. Hoja hiyo ilihitajika kwa sababu wengi huandika "lugha" wakiwa na maana ya Kiingereza, kana kwamba sisi wengine tunabweka. Kwa anayelenga uzamivu hesabu ni nyingine: vyuo vingi vya Marekani humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na posho, kwa hiyo wapo wanaoruka uzamili kabisa.

Turudi nyumbani. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki isimu kompyuta haikai kama shahada inayojitegemea. Inajitokeza kama kozi moja ndani ya isimu, au mada ya tasnifu upande wa kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, kule Mlimani, iliyoundwa mwaka 2009, pamoja na wanaisimu wa idara nyingine. Chuo hichohicho kina ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano Kijitonyama, pale karibu na kituo cha Sayansi. Ni safari ya daladala isiyofika hata saa moja, foleni ikikuhurumia. Kitaaluma ni kama safari ya meli. Nairobi ni hivyohivyo: Kiswahili na isimu upande mmoja, kompyuta kwenye kampasi ya Chiromo. Anayetaka kusoma fani hii bila kuvuka bahari hana budi kuijenga mwenyewe kwa kuwa na msimamizi mmoja kila upande. Inawezekana, na imefanyika. Lakini tafuta wasimamizi wanaosalimiana.

Kigali imechukua njia tofauti. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilifungua tawi lake huko mwaka 2011, na mwaka 2018 taasisi ya hesabu ya AIMS ikaanzisha hapohapo uzamili wa mwaka mmoja wa mashine zinazojifunza, kwa msaada wa Google na Facebook. Hizo ni shahada za uhandisi na hesabu. Ukiingia na lugha yako mfukoni utaipatia kazi, lakini hakuna atakayekufundisha fonolojia. Makerere ina maabara ya akili mnemba iliyofanya kazi nyingi juu ya Kiganda. Na Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha North-West kule Potchefstroom ni mwenyeji wa SADiLaR, kituo cha taifa cha rasilimali za lugha katika mfumo wa kidijitali. Ukitaka kuona lugha za Kibantu zikishughulikiwa kwa bajeti, tazama huko.

Njia niipendayo zaidi ni ya kwenda na kurudi. Lilian Wanzare alisomea uzamivu wake Saarland, akarejea Maseno. Yumo katika kundi la watafiti wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene waliokusanya Kencorpus, kopasi ya Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, maandishi pamoja na sauti. Na Kiluhya hawakukifanya kimoja. Walichukua Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu, jambo ambalo mtu wa nje asingelifikiria. David Adelani wa Nigeria naye alipita Saarland, na akiwa huko aliongoza kazi ya MasakhaNER, iliyotoka mwaka 2021, ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo.

Mwanaisimu ana nini mkononi

Nisimame kidogo kwenye hiyo kazi ya majina, kwa sababu vijana wa Kiswahili hunijia wakiwa wanyonge, wakidhani wamechelewa gari. Chukua jina Neema. Kwa Kiingereza, tatizo la jina linalofanana na neno la kawaida hutatuliwa kwa herufi kubwa, lakini mwanzoni mwa sentensi kila neno lina herufi kubwa. Neema imefika. Neema amefika. Ya kwanza ni ya kanisani, ya pili ni dada yangu. Upatanisho wa kisarufi umeshatoa jibu kwa herufi moja, i au a. Baraka zimekuja, Baraka amekuja. Bahati yake imefunguka, Bahati amefungua duka. Lugha yetu inampa mchanganuzi zawadi ambayo Kiingereza hakina, na mhandisi asiyejua ngeli ataipita bila kuiona.

Sasa upande wa deni. Mwanaisimu wa kawaida anadaiwa vitu vitatu: kuandika programu, hesabu za uwezekano na takwimu, na aljebra ya matriksi. Mimi niliingia nikiwa na la kwanza nusu, la pili na la tatu sifuri. Mtihani wangu wa kwanza wa uwezekano nilitoka na alama ambazo mama yangu angesema ni umri wa mtoto wa chekechea. Sikufeli kwa sababu ya ugumu. Nilifeli kwa sababu kidato cha nne nilishaambiwa, na nikakubali, kwamba watu wa lugha hawana haja ya hesabu. Ilinichukua miezi minne, kila usiku, na vitabu vya kidato cha tano na sita vya jirani.

Mtu wa kompyuta naye ana deni lake, ila halimuumi mapema. Programu inakimbia, namba zinatoka, anafurahi. Litamuuma siku atakapoulizwa kwa nini mashine yake inashindwa na watu wa Kilwa au Lubumbashi, akakosa hata maneno ya kueleza kwamba Kiswahili alichokifundisha ni cha magazeti tu.

Madeni hayo mengi yanalipika kabla ya kuomba chuo, kwa bando la intaneti. Kitabu cha Jurafsky na Martin, ambacho karibu kila chuo hukitumia, toleo lake la tatu wameliacha mtandaoni bure likiwa rasimu. Mihadhara ya Stanford ya uchakataji wa lugha iko YouTube. Lugha ya kuanzia ni Python, na unaweza kuiandika ndani ya kivinjari kwa huduma kama Colab bila kununua kompyuta ya maana. Kompyuta mpakato ya mkononi, iliyotumika, inatosha. Na kuna Masakhane, mtandao wa watafiti wa Kiafrika ulioanza mwaka 2019, ambako mtu asiye na shahada yoyote ya fani hii anaweza kujiunga, kuweka lebo na kuuliza maswali ya aibu. Kwa maoni yangu miezi sita humo ni bora kuliko cheti cha kulipia.

Ukishafanya hayo, kamati ya udahili itakusoma kwa namna moja: itafungua transkripti na kuhesabu kozi kwa kozi. Kwa hiyo jina la kozi ambalo halijielezi, lieleze. "KF 203" haimwambii Mjerumani chochote. Andika pembeni: mofolojia ya Kiswahili, muhula mmoja, uchanganuzi wa vitenzi. Kozi yako ya fonetiki ni mali, usiiache imejificha chini ya kichwa cha ualimu.

Halafu barua ya maombi. Mwaka juzi binti mmoja aliyesoma Kiswahili na historia aliniletea yake. Ilianza: "Tangu utotoni nimekuwa nikipenda lugha na teknolojia." Nikamwambia, dada, hata mimi, na hata wale mia tatu wengine. Nikamuuliza amefanya nini kwa mikono yake. Akasema, kwa aibu, kwamba alikuwa ameandika kiprogramu kidogo cha kutafuta neno anatupa katika magazeti aliyoyapakua, akaweka lebo sentensi mojamoja kwa mkono, daftarini, kutoa au kurusha. Nyingine zilimshinda, na hizo zilizomshinda alikuwa amezihifadhi ukurasa wa mwisho, akiwa ameandika kila moja ingehitaji kujua nini ili ieleweke: nani anasema, kwa nani, na huyo babu ni mtu wa aina gani. Tukaifuta aya yote ya kwanza, tukaanza na ukurasa huo wa mwisho.